Mchezo wa Televisheni Uliopoteza Nyimbo Zake

Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu wa kila kikundi aandike ubaoni neno hili: LESENI. Mnalijua katika mambo ya motokaa na ya duka. Leo mtaliona katika mambo ya muziki.

Historia yetu ya leo si ya wafalme wala ya vita. Ni ya mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Marekani, ulioitwa WKRP in Cincinnati. Kampuni ya CBS iliuonyesha tangu mwaka 1978 mpaka 1982, na aliyeubuni ni Bwana Hugh Wilson. Mchezo ulihusu stesheni ya redio katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Stesheni ilikuwa ikila hasara, maana ilipiga nyimbo laini za kuwatuliza wazee. Basi akaja msimamizi mpya, kijana, akaamuru zipigwe nyimbo za roki. Mtangazaji mmoja, ajiitaye Dokta Johnny Fever, akaiondoa santuri ya zamani mashinini, akaweka ya roki, na tangu hapo stesheni haikuwa ile tena.

Ninyi mnaosikiliza redio mtafahamu mara moja. Mchezo juu ya stesheni ya redio hauwezi kukaa bila nyimbo. Tena watengenezaji hawakutaka nyimbo za kubuni. Walitaka zile zile ambazo watu wa Marekani walizisikia majumbani mwao miaka ile.

Hapa ndipo neno letu la ubaoni linapoingia. Huwezi kuchukua santuri ya mtu na kuitia katika mchezo wako bila ruhusa. Wimbo una wenyewe, na mara nyingi wako wa namna mbili. Wa kwanza ni mtungaji, au kampuni inayoshika haki za utungaji wake. Wa pili ni mwenye ile sauti iliyorekodiwa, na kwa kawaida huyo ni kampuni ya santuri. Wote wawili hulipwa, na wote wawili hutoa ruhusa. Ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Siku zile mchezo uliopigwa katika kanda ya video ulitozwa ada ndogo ya nyimbo kuliko uliopigwa katika filamu. Kwa sababu hiyo WKRP ilitengenezwa katika kanda. Lakini leseni zake zilikuwa za muda. Ni kama kukodi baiskeli: umelipa mpaka Jumamosi, Jumapili si yako tena, hata kama safari haijaisha.

Je, walikuwa wajinga? Mimi siwaiti hivyo. Mashine za kanda za VHS zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977, yaani mwaka mmoja tu kabla ya mchezo huu kuanza. Ni nyumba chache zilizokuwa nazo. Nani angedhani kwamba siku moja mtu atanunua mchezo mzima, miaka yake yote, auweke rafuni kama vitabu? Leseni ziliandikwa kwa ajili ya televisheni, kwa sababu mchezo wa televisheni haukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Muda wa leseni ukaisha. Mchezo ulipouzwa tena kwa stesheni nyingine, nyimbo nyingi ziliondolewa, zikatiwa nyingine zisizojulikana, za bei ndogo. Kisha zikaja sahani za DVD, zilizofika Marekani mwaka 1997, na watu wakaanza kununua michezo ya zamani kwa wingi. Mwaka 2007 sehemu ya mwaka wa kwanza wa WKRP ilitolewa katika sahani hizo. Walioupenda mchezo tangu ujana wao walinunua, wakakaa kutazama, na mara wakasikia muziki ambao hawakuujua.

Hebu tuangalie mfano mmoja mdogo. Katika mchezo huo yuko Bibi Jennifer, karani wa mapokezi. Kengele ya mlango wa nyumba yake ilipolia, ilitoa tuni ya wimbo Fly Me to the Moon, uliotungwa mwaka 1954. Katika nakala zilizobadilishwa kengele inalia Beautiful Dreamer. Wimbo huu ni wa Stephen Foster, na yeye alikufa mwaka 1864; hakuna wa kumlipa. Kengele ya mlango! Hata hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika sehemu moja iliyoonyeshwa mwaka 1978, mkubwa wa stesheni, Bwana Carlson, anaingia chumba cha kutangazia. Santuri ya kikundi cha Pink Floyd inapigwa, na ndani yake mna sauti za mbwa. Mzee huyo anashangaa, anauliza kama hao ni mbwa wanaobweka. Watu wanacheka. Sasa uondoe muziki huo. Mzee anauliza habari za mbwa gani? Mchekeshaji amebaki na maneno matupu.

Tena kulikuwa na tabu ya mafundi. Mahali pengine muziki na maneno ya wachezaji vilikuwa vimechanganyika katika sauti moja. Ukiuondoa muziki, maneno nayo huenda. Basi walitafutwa watu wenye sauti za kufanana na wachezaji, wakayasema maneno upya. Picha ni ya mtu yule yule, lakini anayesema ni mwingine.

Mambo haya hayakuipata WKRP peke yake. Mchezo wa Married... with Children ulifunguliwa kwa Love and Marriage, wimbo ulioimbwa na Frank Sinatra. Katika sahani za mwaka wake wa tatu, zilizotolewa mwaka 2005, wimbo huo haumo.

Mimi naona mtungaji ana haki ya kulipwa, na sitaki mtu anifahamu vingine. Lakini mnunuzi naye anadhani amenunua kitu cha mwaka 1978, kumbe amenunua kilichoshonwa upya. Mara nyingi nyuma ya kasha huandikwa kwa herufi ndogo kwamba baadhi ya muziki umebadilishwa. Ninyi mnaojifunza kusoma, herufi hizo ndogo msiziruke.

Mwaka 2014 kampuni nyingine, Shout! Factory, ilitoa mchezo wote wa WKRP. Iliomba leseni za nyimbo moja moja, ikarudisha sehemu kubwa ya zile za asili. Zote hazikupatikana. Na kabla ya mwaka huo, aliyetaka kuusikia mchezo kama ulivyokuwa hakuweza kwenda dukani. Ilimbidi atafute mtu aliyeunasa kutoka hewani kwa mashine yake nyumbani, miaka ile ile ya kwanza, na akaitunza kanda yake isiharibike.