Jina la Treni Ni Miadi

Waingereza walizipa treni zao majina kama watu. Ile iliyotoka London saa 4 asubuhi kwenda Edinburgh ilianza safari mwaka 1862, na mwaka 1924 kampuni ya LNER ikaipa rasmi jina ambalo abiria walikwisha kulizoea, Flying Scotsman. Jina lilikuwa la safari ya saa ile. Kichwa maarufu cha treni ya moshi kililirithi tu. Leo treni za njia hiyo zinafuatana kutwa nzima, na anayekosa moja hupanda inayofuata bila kuuliza inaitwaje. Jina lilipungua kazi kwa sababu ya wingi. Kwetu Tanzania limepungua kwa uhaba.

Mfano ulio wazi ni TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Treni yake ya haraka iliitwa Mukuba, yaani shaba kwa Kibemba, na ile isimamayo vituo vingi ikaitwa Kilimanjaro. Kwa msafiri wa kituo cha njiani kama Makambako, kutaja jina kulitosha kujua siku ya kuondoka na vituo vya kusimama. Lilikuwa ratiba iliyofupishwa, na ratiba inapoyumba jina hubaki maandishi tu.

Atatokea wa kusema kwamba majina hayajafa, kwani wananchi wanaendelea kuyabuni. Ni kweli. Treni ya mjini Dar es Salaam iliyoanza Oktoba 2012 waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, na ile ya umeme yenye pua kali ya reli ya kisasa, mwaka 2024, wakaiita mchongoko. Lakini majina haya yanasimulia nani kaileta na ina umbo gani. Hayamwambii mtu afike kituoni saa ngapi. Na kwa kuwa Dar es Salaam hadi Dodoma sasa kuna safari kadhaa kwa siku, hata hahitaji kuambiwa.

Upande wa Miono mambo ni tofauti. Reli ya Ruvu hadi Mruazi, iliyounganisha Reli ya Kati na ya Tanga mwaka 1963, inakatiza bara ya Bagamoyo, iliko Miono. Treni za abiria za kaskazini zilikoma miaka ya 1990, zikarejea Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020. Katika pengo hilo abiria walichukuliwa na mabasi ya barabara ya Chalinze hadi Segera. Mabasi nayo yana majina, mtu anaweza kupinga. Ila jina la basi ni la mwenye mali, liko kwenye magari yake yote, ya alfajiri na ya usiku. Kwa hiyo kuipaka treni ya kaskazini jina zuri hakutairudishia heshima ya zamani. Ikipita siku zilezile, saa zilezile, mwaka baada ya mwaka, wanaoingojea watalipata jina wenyewe.