Mkia wa Farasi: Spishi Itangulie Dawa

Katika maduka ya mitishamba barani Ulaya, mmea uitwao mkia wa farasi huuzwa kwa ahadi mbili: kuongeza mkojo, na kuimarisha mifupa, nywele na kucha. Wengi hubishana kama ahadi hizo ni za kweli. Lipo swali la kutangulia: ndani ya pakiti mna spishi ipi?

Mkia wa farasi ni wa Equisetum, jenasi pekee iliyosalia ya ukoo wa kale sana. Jamaa zake, Calamites, walikuwa na umbo la miti na kupita mita 20 katika misitu iliyokuja kuwa makaa ya mawe. Idadi ya spishi za leo haifiki 20. Shina lina pingili kama muwa, majani yamesinyaa yakabaki meno ya ala inayozunguka kifundo, na mmea huzaliana kwa spora, bila maua wala mbegu. Ngozi ya shina imesheheni silika, ndiyo maana E. hyemale ilitumika zamani kusugulia vyombo na kulainishia mbao.

Madai ya mifupa yanaegemea silika hiyo, na hapo hoja inalegea. Sehemu kubwa yake imeganda katika kuta za seli na haiyeyuki kirahisi ndani ya chai. Wingi wa madini katika mmea hauthibitishi kwamba mnywaji atayapata.

Dai la mkojo lina mashiko zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Brazili walichapisha jaribio la wanaume 36 wenye afya: miligramu 900 kwa siku za dondoo la E. arvense, spishi inayokusudiwa katika dawa hii, ziliongeza mkojo kwa kiwango kinachokaribiana na haidroklorothiazidi, dawa ya hospitalini. Ni matokeo ya kutia moyo, ila kila dozi ilitumiwa kwa siku nne tu, na hakuna mgonjwa aliyehusishwa.

Walakini, E. arvense huota Ulaya karibu na E. palustre, yenye alkaloidi ya sumu iitwayo palustrini. Aidha, mimea ya jenasi hii ina kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Farasi waliolishwa nyasi kavu zilizochanganyika nayo hukonda, hupepesuka, na wengine hufa. Kukausha hakuondoi sumu.

Kuzitofautisha shambani kunawezekana. Tazama tawi linapochomoza: katika E. arvense pingili yake ya kwanza ni ndefu kuliko ala ya shina iliyo kando yake, katika E. palustre ni fupi. Mmea ukishakatwakatwa, alama hiyo hupotea, na kazi inabaki kwa maabara. Farmakopia ya Ulaya hutaka dawa hii ipimwe kubaini mchanganyiko wa spishi nyingine. Chai inayouzwa kama chakula inastahili kipimo hichohicho, na jina kamili la spishi liandikwe kwenye pakiti.