Kukosa si Kosa

Kila mwaka majibu ya mitihani yanapotoka, na kila mara nafasi chache za kazi zinapotangazwa, kuna neno moja ambalo vijana wetu hulisikia nyumbani, barazani na hata msibani: "Wenzako wamepata, wewe una nini?" Neno hilo ni fupi, lakini huuma kuliko njaa. Anayeulizwa huwa anaambiwa kwa mafumbo kwamba kukosa kazi ni kosa lake. Leo ningependa tulipime neno hilo kwa historia ya kijiji kimoja, Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya kisiwa cha Unguja.

Jambiani ni nchi ya mawe na mchanga. Tangu zamani watu wake waliishi kwa kushika mambo mengi, kidogo kidogo: uvuvi, pweza maji yanapokupwa, muhogo katika vishamba vya mawemawe, na kamba zilizosokotwa kwa makumbi yaliyofukiwa pwani mpaka yakalainika. Mikarafuu haistawi huko. Msimu wa karafuu ulipofika, watu wa kusini walifunga safari kwenda kuchuma katika mashamba ya wengine.

Mwezi wa Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Serikali ya Mzee Karume ilitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa msokota kamba wakaingia skuli. Hapo ndipo matumaini mapya yalipozaliwa: ukisoma, utapata kalamu, meza na mshahara wa serikali. Matumaini hayo hayakuwa ndoto ya mchana. Serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkubwa, na waliotangulia waliajiriwa kweli.

Lakini mishahara ile ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya fedha za kigeni za Zanzibar ilitoka kwenye karafuu, na mnunuzi wake mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kutiwa kwenye sigara za kretek. Indonesia ikapanda mikarafuu yake yenyewe mpaka ikajitosheleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ya karafuu iliuzwa kwa maelfu ya dola. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 bei ilikuwa imeporomoka hata chini ya dola 1,000. Serikali ikapungukiwa, na milango ya ajira ikaanza kufungwa.

Basi tufikiri pamoja. Kijana wa Jambiani aliyemaliza skuli miaka ile, akazunguka na vyeti vyake kutoka ofisi hadi ofisi mjini, akarudi mikono mitupu, alikosa nini? Uvivu haukuwa sababu. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, miche ya wakulima asiowajua ilikuwa imekua ikazaa. Mkarafuu hauoti Jambiani, lakini ulipoanguka, Jambiani nayo iliumia.

Ahadi ya pili ilikuja kwa njia ya bahari. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiutafiti mwani tangu miaka ya 1970. Mwaka 1989 kilimo cha mwani wa biashara kilianza pwani hiyo ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume waliojaribu, wengi waliacha mapema. Wanawake ndio waliobaki na vigingi vyao na kamba zao, wakiinama ndani ya maji ya chumvi chini ya jua kali. Mwani huo hutoa ute unaotumika katika dawa za meno na aiskrimu, vitu ambavyo mlimaji mwenyewe pengine havinunui. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mama wengi walishika fedha zao wenyewe. Sare za skuli zilinunuliwa, vitanda vilinunuliwa, na nyumba za mawe zikaezekwa bati.

Ahadi hiyo nayo ikapungua. Bei ilipangwa mbali na pwani, na kwa jasho lile ilikuwa ndogo. Kisha, kuanzia miaka ya 2000, maji ya kina kifupi yalizidi joto, na mwani aina ya kotoni, wenye bei nzuri zaidi, ukawa unaugua na kufa. Ukabaki ule wa spinosamu wenye bei ya chini. Nani atamwambia mama yule kwamba bahari imepata joto kwa uzembe wake?

Ya tatu ilikuwa hoteli. Kijana akaambiwa ajifunze lugha na upishi, na watalii watamlipa. Wengine walipata, wengine waliona nafasi zikichukuliwa na waliotoka mbali wakiwa na vyeti vikubwa zaidi. Mwaka 2020 korona ikasimamisha safari za ndege, hoteli zikawa tupu, na hata waliokwisha kupata wakarudi nyumbani kukaa.

Ndugu wasikilizaji, sisemi kwamba juhudi haina maana, wala kwamba kila anayekosa amedhulumiwa. Nasema kwamba ahadi hizi tatu zilipopungua, sababu kubwa ilitoka mbali na kijiji, lakini aibu iliachwa mlangoni kwa aliyeziamini. Hiyo si haki.

Tena tunapenda kuwaambia vijana wasubiri, kwani subira yavuta heri. Ni kweli, lakini tuitazame subira ya mwanamke wa pwani. Yeye husubiri bamvua, maji yanapokupwa sana, ndipo aende shambani kwake baharini. Maji yakiwa mafu hana safari hiyo; basi huanika, hufungasha, husokota kamba. Hajilaumu kwa maji kutokupwa, wala hakai bure kuyatazama. Na mwani ulipodhoofika, baadhi yao walijaribu njia nyingine. Dokta Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, alishirikiana na wakulima kutafuta namna ya kulima kwenye maji ya kina kirefu na kuugeuza mwani kuwa sabuni. Hapo Jambiani wako wanawake wanaofuga sifongo baharini. Si wote waliofanikiwa, na utajiri haukuja. Lakini aliyejaribu alibaki na ujuzi ambao bei haikuweza kuuteremsha.

Kwa hiyo, kijana uliyetuma maombi mara nyingi na hukujibiwa, endelea kutuma, lakini usiyafanye majibu hayo kuwa hukumu ya utu wako. Shika na jingine mkononi, kama babu zako walivyoshika kamba na nyavu kwa pamoja. Nasi wazee tulache lile neno letu la barazani. Na wale wanaotoa ahadi kwa niaba ya nchi, wakumbuke kwamba ahadi ina mwenyewe. Ikishindwa kutimia, na arudi kuwaeleza watu kwa nini.

Kukosa si kosa.