Umbo la Gitaa Kavu na Mabadiliko ya Mapendeleo ya Wapigaji nchini Marekani, 1833–1995

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mabadiliko ya umbo la kiwiliwili cha gitaa kavu nchini Marekani, tangu gitaa dogo la sebuleni la karne ya 19 hadi kurejea kwa magitaa ya wastani katika muongo wa 1990. Maelezo yaliyozoeleka yanadai kuwa kiwiliwili kilikua kwa sababu wapigaji walitaka sauti kubwa zaidi. Kwa kulinganisha maumbo makuu ya viwanda vya C. F. Martin na Gibson, makala yanaonesha kuwa dai hilo ni nusu ya ukweli. Hoja inayojengwa ni kwamba mapendeleo yaliongozwa na mambo matatu: kazi ya gitaa katika kundi, urahisi wa mkono kufikia noti za juu, na sura ya ala mbele ya hadhira. Ukubwa wa sauti ulikuwa na nguvu pale tu ambapo hapakuwa na chombo kingine cha kuubeba mzigo huo.

1.0 Utangulizi

Gitaa lina kiwiliwili chenye mabega, kiuno na sehemu pana ya chini. Ubao wa juu ndio unaotetemeka nyuzi zinapopigwa. Hewa iliyomo ndani hutetemeka pamoja nao na kutoka kupitia tundu la sauti. Kwa hiyo fundi anapopanua kiuno au kuongeza kina cha mbavu, habadilishi ukubwa wa sauti pekee. Anabadilisha pia uwiano wa besi na sauti nyembamba, kasi ya noti kuitika, na namna ala inavyokaa kwenye paja la mpigaji.

Masimulizi mengi ya historia ya ala hii yanapanga maumbo kama ngazi: dogo, kubwa, kubwa zaidi. Mpangilio huo una kasoro mbili. Kwanza, unayachukulia magitaa madogo kana kwamba yalikuwa majaribio yasiyokomaa, ilhali yalikamilika kwa kazi yaliyokusudiwa. Pili, unashindwa kueleza kwa nini umbo kubwa lilikaa miaka mingi bila kupata wapenzi, na kwa nini baadaye wapigaji waliokuwa na uwezo wa kununua gitaa lolote waliyarudia yale madogo. Makala haya yanayashughulikia maswali hayo mawili.

2.0 Gitaa la Sebuleni, 1833–1915

Christian Frederick Martin alizaliwa mwaka 1796 huko Markneukirchen, Saxony, mji wa mafundi wa ala za muziki. Mwaka 1833 alihamia New York, na kabla ya muongo huo kwisha alikuwa ameihamishia karakana yake Nazareth, Pennsylvania. Magitaa yake ya awali yalikuwa membamba na yenye kiuno kilichobana. Yalifungwa nyuzi za utumbo wa wanyama, nayo yalipigwa kwa vidole ndani ya nyumba, mbele ya wasikilizaji wachache.

Katikati ya karne hiyo karakana ilianza kutumia mihimili ya ndani iliyopishana kwa umbo la herufi X chini ya ubao wa juu. Mpangilio huo haukubuniwa kwa ajili ya nyuzi za chuma, kwa kuwa nyuzi hizo zilikuwa bado hazijaenea. Hata hivyo, ndio uliokuja kuuwezesha ubao kuhimili mvuto wake miongo mingi baadaye. Saizi nazo ziliongezeka hatua kwa hatua: saizi 0 ilikuwa na upana wa takriban sentimita 34 katika sehemu ya chini, saizi 00 takriban sentimita 36, na saizi 000, iliyoanza mwaka 1902, takriban sentimita 38.

Ulinganisho na Hispania unasaidia hapa. Katika kipindi hichohicho fundi Antonio de Torres (1817–1892) alikipanua kiwiliwili cha gitaa la Kihispania na kuweka vipimo ambavyo gitaa la klasiki linavifuata hadi leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, ili kuthibitisha kuwa siri ya sauti imo katika ubao wa juu. Jaribio hilo linatuonya tusichukulie kuwa upanuzi wa kiwiliwili ulilenga kuongeza nguvu ya sauti pekee. Kwa mafundi hao, suala la ubora na uwiano wa sauti lilikuwa na uzito uleule.

3.0 Umbo Lililotangulia Wakati Wake: Dreadnought, 1916–1934

Mwaka 1916 kiwanda cha Martin kilianza kutengeneza gitaa kubwa kwa ajili ya kampuni ya Oliver Ditson ya Boston, ambayo iliyauza kwa jina lake yenyewe. Umbo hilo liliitwa Dreadnought, kwa jina la manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1906. Upana wake wa takriban sentimita 39.7 unaizidi saizi 000 kwa kiasi kidogo tu. Tofauti kubwa ilikuwa kwingine: kiuno kilikuwa kipana, mabega mapana, na kina kilifikia takriban sentimita 12.4 dhidi ya 10.5 za saizi 000. Matokeo yake yalikuwa besi nzito isiyokuwa na mfano katika magitaa yaliyotangulia.

Laiti kiu ya sauti kubwa ingetosha kueleza mapendeleo, gitaa hili lingeenea mara moja. Halikuenea. Martin haikuliingiza katika orodha ya bidhaa zenye jina lake hadi mwaka 1931, yaani miaka 15 baadaye, baada ya uhusiano wake na Ditson kukoma. Aina mbili za mwaka huo, D-1 na D-2, ndizo zilizokuja kujulikana kama D-18 na D-28.

Kilichobadilika katika miaka hiyo 15 ni mazingira ya upigaji. Maonesho ya kimataifa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliuchochea mvumo wa muziki wa Hawaii, ambao ulitumia nyuzi za chuma. Mwaka 1922 Martin ilianza kutoa aina ya 2-17 iliyojengwa kwa ajili ya nyuzi hizo, na katika muongo huo zikawa jambo la kawaida. Wakati huohuo redio na santuri ziliwatoa waimbaji wa vijijini kwenye vibaraza vyao na kuwafikisha kwa hadhira pana. Gitaa lenye besi nzito likapata kazi: kumshikilia mwimbaji mmoja asiye na bendi nyuma yake. Kwa maneno mengine, umbo lilikuwapo kabla ya haja yake.

4.0 Umbo Lililofuata Mkono: Mwaka 1929

Mfano wa pili unaenda mbali zaidi na nadharia ya ukubwa. Mwaka 1929 Perry Bechtel, mpigaji mashuhuri wa banjo kutoka Atlanta, aliomba Martin imtengenezee gitaa litakalomfaa mtu aliyezoea shingo ndefu ya banjo. Magitaa mengi ya Martin wakati huo yalikuwa na freti 12 tu nje ya kiwiliwili, hivyo mkono uligonga bega la gitaa mapema mno.

Mafundi walichukua saizi 000, wakafupisha sehemu ya juu ya kiwiliwili na kuyafanya mabega kuwa ya mraba zaidi, hadi freti 14 zikawa huru. Ndipo ilipozaliwa aina ya OM. Ikumbukwe kwamba hapa kiwiliwili kilipunguzwa. Mpigaji alikuwa tayari kupoteza sehemu ya ujazo wa hewa ili apate noti za juu, kwa sababu alitarajiwa kupiga melodi ndani ya okestra ya dansi badala ya kusindikiza tu.

Athari ya uamuzi huo ilikuwa kubwa kuliko umaarufu wa OM yenyewe, kwani aina hiyo haikudumu muda mrefu. Mwaka 1934 mtindo wa freti 14 ulifanywa kuwa wa kawaida hata kwa Dreadnought, na tangu hapo ndio unaotawala magitaa ya nyuzi za chuma. Umbo ambalo watu wengi leo wanalifikiria wanaposikia neno "gitaa" ni zao la matakwa mawili tofauti: besi ya waimbaji na mkono wa mpigaji wa banjo.

5.0 Jukwaa, Sinema na Kundi

Mwaka 1933 mwimbaji Gene Autry aliagiza Dreadnought iliyopambwa kwa chaza na kuandikwa jina lake shingoni. Hiyo ndiyo D-45 ya kwanza. Gibson ya Kalamazoo ilijibu kwa aina iitwayo Jumbo mwaka 1934, kisha mwishoni mwa muongo huo ikamtengenezea mwigizaji na mwimbaji Ray Whitley gitaa la upana wa takriban sentimita 43, lililojulikana baadaye kama SJ-200. Katika filamu za wachunga ng'ombe gitaa lilipaswa kuonekana kama lilivyopaswa kusikika. Ukubwa wake ulikuwa sehemu ya vazi.

Katika muziki wa bluegrass sababu ilikuwa nyingine. Kundi lenye banjo, fidla na mandolini lina sauti nyingi nyembamba, na D-28 ilijaza pengo la chini na kushika mapigo. Hapa ukubwa ulikuwa wa lazima kweli, maana wanamuziki wote walizunguka maikrofoni moja. Hata hivyo, kazi ya umbo haikufungwa milele. Katika muongo wa 1960 Clarence White alitumia D-28 ya mwaka 1935 kupigia solo za kasi, akaonesha kuwa gitaa la kusindikiza laweza kuongoza. Mpigaji anaweza kulilazimisha umbo lifanye kazi isiyokuwa yake.

Wakati huohuo, si wote waliolifuata gitaa kubwa. Picha mashuhuri ya Robert Johnson, aliyerekodi mwaka 1936 na 1937, inamwonesha na Gibson L-1, gitaa dogo. Joan Baez naye alijulikana kwa gitaa la Martin la saizi 0. Wote wawili walikuwa wapigaji wa vidole walioimba peke yao; hawakuhitaji kushindana na banjo.

6.0 Kurejea kwa Magitaa ya Wastani

Vinasa sauti vinavyowekwa ndani ya gitaa na mitambo bora ya ukumbini viliuondoa mzigo wa ukubwa wa sauti mikononi mwa fundi. Hapo besi ya Dreadnought ikageuka kuwa kero kwa baadhi ya wapigaji: iliunguruma kwenye spika na kufunika sauti ya mwimbaji.

Mwaka 1992 Eric Clapton alipiga Martin 000-42 ya mwaka 1939 katika kipindi cha televisheni cha MTV Unplugged. Mwaka 1995 Martin ilitoa magitaa 461 ya aina ya 000-42EC yenye jina lake. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya Taylor ya California ilileta umbo la Grand Auditorium: pana kuliko Dreadnought katika sehemu ya chini, lakini lenye kiuno kilichobana. Umbo hili linabainisha kuwa "ukubwa" si kipimo kimoja. Upana, kina na kiuno huzungumza kila kimoja kwa sauti yake.

7.0 Mapendeleo na Upatikanaji

Neno "mapendeleo" linahitaji tahadhari, kwani linamhusu aliye na nafasi ya kuchagua. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Katanga, akiimba kwa Kiswahili na kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada. Kusini na mashariki mwa Afrika, magitaa ya bei nafuu ya Gallotone kutoka Afrika Kusini yalienea kiasi kwamba nchini Tanzania jina "galatoni" likawa la gitaa kavu lolote. Mtindo wa vidole wa Katanga haukusubiri umbo maalumu. Ulistawi kwa ala iliyopatikana. Historia inayotegemea orodha za viwanda na magitaa ya watu mashuhuri inaona vizuri soko, lakini haiuoni kwa ukamilifu ubunifu wa waliokuwa nje ya soko hilo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa Dreadnought ilisubiri miaka 15 kupata kazi, kwamba badiliko muhimu la mwaka 1929 lilipunguza kiwiliwili badala ya kukikuza, na kwamba magitaa ya wastani yalirejea mara maikrofoni ilipochukua kazi ya kukuza sauti. Kwa hiyo ngazi ya "dogo hadi kubwa" haifai kuwa msingi wa uchambuzi. Mtafiti anayekutana na gitaa la zamani asiulize kwanza lilipaza sauti kiasi gani. Aulize lilipigwa wapi, pamoja na nani, na mkono wa mpigaji ulitaka kufika wapi.