Mshika Usukani, Rubani na Nahodha: Historia ya Ndege Ndogo ya Mtu Binafsi na Mtambo wa Kujiongoza

1. Utangulizi

Katika jahazi la zamani la pwani ya Afrika Mashariki, kila kazi ilikuwa na mtu wake. Mshika usukani alitoa nguvu za mikono na uangalifu wa macho. Rubani aliijua njia: miamba, mikondo ya maji na milango ya bandari. Nahodha ndiye aliyetoa amri ya kusafiri, kungoja au kurudi. Nyuma yao wote alikuwapo mwenye chombo, ambaye mara nyingi alibaki nchi kavu akingoja faida au hasara. Kiswahili kilipohitaji jina la mwendesha ndege, kililichukua neno rubani, lenye asili ya Kiarabu, na kumtwika mtu mmoja kazi za watu kadhaa.

Hali hiyo inaonekana waziwazi katika ndege ndogo ya mtu binafsi. Msomaji wa Kongo huijua ndege ndogo zaidi kama chombo cha misheni, cha misaada au cha kukodishwa, kinachotua katika kiwanja cha nyasi. Nchini Marekani, hata hivyo, maelfu ya watu wa kawaida wamemiliki ndege kama wengine wanavyomiliki gari. Mtu wa namna hiyo ni mshika usukani, rubani, nahodha na mwenye chombo kwa wakati mmoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mashine imezitwaa kazi hizo moja baada ya nyingine, kwa utaratibu uleule wa majina yetu ya baharini, na kwamba kila kazi iliyotwaliwa imeiacha ile inayofuata ikiwa nzito zaidi.

2. Kazi ya mshika usukani

Tarehe 18 Juni 1914, huko Bezons kando ya mto Seine nchini Ufaransa, kijana Mmarekani Lawrence Sperry aliruka mbele ya waamuzi wa shindano la usalama wa ndege. Ndani ya chombo chake mlikuwa na mtambo uliotokana na kazi ya baba yake, Elmer Sperry, yaani magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi kubwa, ambayo kwa tabia yake hukataa kuinamishwa. Ndege ilipoinama, magurudumu yalibaki kama yalivyokuwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyoyarudisha mabawa sawa. Sperry aliinua mikono yake juu ili watu waione, na fundi wake Mfaransa, Emil Cachin, akatoka na kutembea juu ya bawa. Ndege haikupinduka.

Lakini mtambo ule haukuijua njia wala hali ya hewa. Mnamo Desemba 1923 Sperry mwenyewe alifariki katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, akiwa peke yake katika ndege ndogo iliyotengenezwa na kampuni yake.

Miaka kumi baadaye faida ya mtambo ilidhihirika. Mwaka 1931 Wiley Post, Mmarekani mwenye jicho moja, aliizunguka dunia pamoja na mwongoza njia wake, Harold Gatty. Mwaka 1933 alirudia safari hiyo peke yake, katika ndege ileile ambayo sasa ilikuwa mali yake, kwa muda wa siku 7, saa 18 na dakika 49. Kiti cha Gatty kilichukuliwa na rubani otomatiki na chombo cha redio cha kutafutia uelekeo. Hata hivyo mtambo uliharibika njiani, na Post alilazimika kutua ili utengenezwe.

Kwa mwenye ndege wa kawaida, umuhimu wa mkono huo wa pili ulielezwa vizuri na utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois uliotolewa mwaka 1954. Marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo walizuiwa kuona nje, kana kwamba wameingia katika wingu. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege, kwa wastani wa sekunde 178 tu. Sababu yake imo mwilini: sikio la ndani, linalotupa hisia ya kusimama wima, hudanganyika pale jicho linapokosa upeo wa macho. Mtu huamini kwamba yu sawa, kumbe anazunguka akishuka. Ndiyo maana mwaka 1965 kampuni ya Mooney ilianza kuziwekea ndege zake mtambo wa kuyasawazisha mabawa wakati wote. Aliyetaka kugeuza kwa uhuru ilimbidi abonyeze kitufe katika usukani. Hapo desturi ilipinduliwa: mashine ndiyo iliyoshika usukani, naye mtu akaomba nafasi.

3. Mzigo wa mwenye chombo

Mtambo haukuenea mpaka ndege yenyewe ilipoenea. Piper Cub ya mwaka 1938 iliuzwa kwa dola 1,000 hivi. Haikuwa na umeme, na injini yake iliwashwa kwa kuzungusha pangaboi kwa mkono. Ercoupe ya mwaka 1940 ilikwenda mbali zaidi katika kurahisisha kazi: usukani wa mkia uliunganishwa na ule wa mabawa, hata kanyagio za miguu zikaondolewa. Mwaka 1945 iliuzwa hata katika duka kubwa la Macy's. Kisha, mwaka 1956, ikaja Cessna 172, ambayo hadi leo imetengenezwa zaidi ya ndege 44,000.

Cessna 172 ndiyo iliyotumiwa na Robert Timm na John Cook kukaa angani juu ya jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani tangu Desemba 1958 hadi Februari 1959, siku 64 bila kutua, wakivuta petroli kutoka lori lililokimbia chini yao. Usiku mmoja wa Januari Timm alisinzia kwa muda unaozidi saa moja, na rubani otomatiki akaendelea kuiongoza ndege. Alipozinduka hakujua alipo. Mshika usukani wa chuma alifanya kazi yake barabara, lakini chombo hakikuwa na rubani.

Umiliki nao ulipatwa na misukosuko. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani vilitoa zaidi ya ndege ndogo 17,000. Mwaka 1994 hazikufika hata 1,000. Miongoni mwa sababu ni kesi za fidia, kwani mtengenezaji aliweza kushtakiwa kwa ajili ya ndege aliyoiuza miaka mingi iliyopita, na gharama hiyo iliongezwa katika bei. Cessna iliacha kutengeneza ndege hizo mwaka 1986. Sheria ya mwaka 1994 iliweka kikomo cha miaka 18, na mwaka 1996 kazi ikaanza tena. Matokeo yake ni kwamba ndege nyingi zilizomo mikononi mwa watu binafsi ni za zamani. Mitambo mipya hupachikwa ndani ya miili mikongwe, na mwenye chombo hulipia ukaguzi wa kila mwaka, bima na banda la kuiwekea ndege, hata kama haruki.

4. Kazi ya rubani

Kuijua njia kulihitaji ramani, dira na saa, na baadaye sauti za minara ya redio. Mfumo wa setilaiti uitwao GPS uliifanya elimu hiyo kuwa alama ndogo inayotembea juu ya kioo. Ndege ya Cirrus SR20, iliyoidhinishwa mwaka 1998, na vioo vya Garmin G1000, vilivyoingia katika ndege ndogo mwaka 2004, vilimpa mwenye ndege ya injini moja vyombo vilivyokuwa vya ndege za abiria.

Watu walitarajia kwamba vifo vingepungua. Mwaka 2010 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ililinganisha ndege ndogo zenye vioo hivyo na zile zenye saa za kawaida. Zenye vioo zilikuwa na kiwango kidogo zaidi cha ajali kwa jumla, lakini kiwango cha ajali zenye vifo kilikuwa kikubwa zaidi. Bodi ilisisitiza mafunzo maalumu ya mitambo hiyo. Fundisho lake ni dhahiri: anayeonyeshwa njia vizuri hushawishika kwenda mbali zaidi, na katika hewa mbaya zaidi, kuliko asiyeonyeshwa.

5. Kazi ya nahodha

Ilibaki amri. Cirrus ina mwavuli mkubwa unaoweza kuishusha ndege nzima, ila sharti mtu avute mpini. Katika miaka ya mwanzo baadhi ya marubani walikufa bila kuuvuta, wakijaribu kuiokoa ndege kwa mikono yao. Waenda-Cirrus walipofunzwa kufanya uamuzi huo mapema, vifo vilipungua. Kilichobadilika hakikuwa mwavuli, bali nahodha.

Mwaka 2020 mtambo wa Garmin uitwao Autoland uliidhinishwa kwa ndege ya Piper M600. Abiria akibonyeza kitufe kimoja, mashine huchagua kiwanja kwa kupima upepo, petroli na urefu wa njia, huwaarifu waongozaji wa anga kwa sauti, hutua, husimama na kuzima injini. Kwa mara ya kwanza mtambo wa ndege ndogo uliweza kusema: twende pale, si hapa. Hata hivyo uliruhusiwa kwa dharura tu, kama rubani akizimia au akishindwa kuendelea.

6. Hitimisho

Sheria ya Marekani humtambua rubani mkuu wa ndege kuwa mwenye wajibu wa moja kwa moja na neno la mwisho, hata kama mkono wake haujagusa usukani tangu kupaa. Mashine imetwaa kazi, haikutwaa dhamana. Tatizo la mwenye ndege ndogo wa leo, basi, ni hili: anabaki nahodha wa mshika usukani asiyechoka na wa rubani asiyepotea, huku kazi hizo mbili ndizo zilizomfundisha zamani kuwa nahodha. Jahazini, kijana alianza kwa kamba na tanga, akapewa usukani, akajifunza njia, na mwishowe akaaminiwa amri. Anayeanzia kwenye amri hana budi kujifundisha kwa makusudi yale ambayo wazee walifundishwa na kazi yenyewe.