Unataka Vesti ya Pleti ya Kupigia Tizi? Cheki Hii Kabla Utoe Doh

Siku hizi ukiingia jimu hukosi msee mmoja amevaa vesti ka ya karao wa sinema, jasho inamtoka ka bomba. Hiyo kitu ni vesti ya pleti. Ukitaka kuisaka online andika plate carrier, ndio jina inauzwanga nayo. Kazi yake ya ukweli ni kubeba pleti mbili za kuzuia risasi, moja kifua moja mgongo. Lakini we huendi vita. Unataka kilo tu, na kilo hazijali kitambaa ni cha nani. Ukishika hiyo point, utasave chapaa mingi.

Hii stori ilitoka wapi? Marekani. Kulikuwa na mwanajeshi wa Navy SEAL anaitwa Michael Murphy, aliuawa Afghanistan Juni 2005. Alikuwa na tizi yake alipenda, yeye mwenyewe aliiita Body Armor. Unakimbia maili moja, unajivuta kwa chuma mara 100, pushapu 200, skwati 300, halafu unamalizia na maili ingine. Yote ukiwa umevaa vesti. Wasee wa CrossFit wakaipatia jina Murph, na uzito wa kawaida ni paundi 20 kwa wanaume, ka kilo 9 hivi, na paundi 14 kwa madem, ka kilo 6 na nusu. Kwa mashindano ya CrossFit Games ya 2015 huko California waliifanya kwa jua kali, na Annie Thorisdottir, dem ameshinda hayo mashindano mara mbili, akapigwa na joto mpaka baadaye akajitoa. Huyo ni bingwa. Wewe wa kuanza Jumatatu, weka hiyo kwa akili.

Vesti zenye zilijulikana kwa hizo mashindano ni za 5.11, inaitwa TacTec. Ni poa, siwezi danganya. Lakini hapo unaongelea ka dola 200 na kitu, na pleti unanunua kando. Ongeza kusafirisha na ushuru. Msee wa kulipa rent bedsitter hafai kufikiria hiyo, haki. Zile za bei ya chini za wasee wa kucheza vita na bunduki za plastiki zinatosha kabisa, bora ujue kuangalia.

Kabla ata ununue, fanya hivi. Chukua bag ya shule, ingiza pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, ufunge kwa taulo zisiruke. Tembea nayo nusu saa, siku tatu hiyo wiki. Ka uko na kilo 70, hizo kilo nne ziko karibu na asilimia 5 ya mwili yako, na hapo ndio pahali pa kuanzia. Asilimia 10 inatosha watu wengi kwa muda mrefu. Ka wiki ikiisha magoti inakulilia ama umechoka na hiyo mambo, rudisha unga jikoni mpike ugali. Hujapoteza kitu.

Ka bado unaitaka, kitu ya kwanza ni vile inakaa. Pleti ya mbele inafaa ianzie juu, karibu na kale kashimo kako chini ya koo, si kwa tumbo. Ikikaa chini itakugonga ukikunja skwati na itakukaza pumzi. Mkanda wa kiuno ukazwe mpaka uruke na vesti isiruke na yake, lakini uweze kuvuta pumzi yote. Wenye iko na mpira pembeni ndio poa, juu kifua ikipanuka nayo inapanuka. Mabega ziwe na sponji pana. Kamba nyembamba itakukata, na ukianza kuhisi vidole zimekufa ganzi, toa hiyo kitu hapo hapo, usijifanye ngumu.

Halafu geuza ndani nje. Pale kamba ya bega inashikana na vesti unataka kuona mshono wa sanduku yenye iko na msalaba ndani, si laini moja ya uzi. Cheki mfuko wa pleti unafungukia wapi. Mingi inafungukia chini na velkro, na velkro ikichoka chuma inatua kwa mguu yako katikati ya kuruka. Hiyo si stori ya kucheka. Zile kamba kamba nyingi za mbele, wanaitanga MOLLE, ni za kuning'inizia vifuko vya risasi. Usilipie ziada juu yake.

Sasa pleti. Hapa ndio watu huchomwa, na hapa ndio Nairobi inakubeba. Pleti za mazoezi za kuagiza nje ni ghali juu unalipia kusafirisha chuma. Nenda jua kali, ata Kamukunji, ukiwa na kipimo chako. Mifuko mingi ya saizi ya kati inachukua ka sentimita 25 kwa 30. Chuma ya kawaida ya mili 6 kwa hiyo saizi ni kilo 3 na nusu, so mbili zinakupa ka 7. Ukienda mili 8 unapata kilo 9 na kitu kwa zote mbili, hiyo ndio ya Murph. Ka ndio unaanza, mili 4 itakupa karibu kilo 5. Ambia fundi akate kona mbili za juu ili mikono ipite, asage makali yote, apige rangi juu jasho inaleta kutu. Zifunge na tyubu ya baiskeli ya zamani. Zikicheza ndani ya mfuko, jaza na kipande cha sponji ya godoro. Halafu tafuta wale wasee wa mizani kando ya barabara uhakikishe zote mbili ni sawa, ama mgongo itajua.

Na tuelewane. Hiyo chuma ya fundi haizuii risasi. Usiwahi kuvaa ukidhani uko salama.

Hiyo inatuleta kwa karao. Hapa Kenya vesti na pleti za kuzuia risasi ziko chini ya sheria ya bunduki, zinataka leseni, kwa hivyo ukiona mtu anakuuzia "original ya askari, imetumika kidogo," hepa. Nguo za jangoo za jeshi nazo raia haruhusiwi. Chukua rangi ya kijivu ama nyekundu, si nyeusi na si ya msitu, na kwa ile velkro ya mbele bandika kitambaa cha kung'aa, si maandishi ya polisi ati juu inakaa fiti. Hebu jifikirie unakimbia saa kumi na moja asubuhi Juja Road, giza, umevaa vesti ya vita. Karao akikuona anafikiria nini? Na mob je? Ibebe kwa bag mpaka jimu ama uwanja, uivalie hapo. Ukilazimika kukimbia nje, vaa tisheti kubwa juu yake.

Ka uko na presha, pumu, shida ya mgongo, ama uko na ball, ongea na daktari kwanza. Wengine wote, anza na kutembea, halafu pushapu na skwati, kukimbia iwe ya mwisho. Jua likiwaka achana nayo, nailoni imefunika kifua na mgongo yote na joto haina pa kutokea.

Na uifue, tafadhali. Toa pleti, loweka na maji baridi na sabuni kidogo, anika kivulini. Wasee wa jimu watashukuru.