Muziki wa House na Mashine Zilizokosa Wanunuzi

Julai 12, 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park jijini Chicago, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Baada ya hapo kampuni kubwa za Marekani zikaipa disko kisogo. Madijei wa Chicago wakabanwa, maana wachezaji bado walitaka kukesha na nyimbo mpya zilikuwa haba.

Frankie Knuckles, kijana kutoka New York, alikuwa akipiga muziki katika klabu ya Warehouse jijini Chicago tangu 1977. Wateja wake wengi walikuwa vijana weusi wapenzi wa jinsia moja, watu ambao kumbi nyingine hazikuwakaribisha. Kwa ajili yao yeye na rafiki yake Erasmo Rivera walikata kanda kwa wembe na kuziunganisha upya, ili sehemu ya ngoma irefuke na uimbaji uchelewe.

Ufundi wa kuchanganya ndio uliozaa utayarishaji wenyewe wa muziki wa house. Dijei anayeunganisha santuri mbili lazima alinganishe kasi zake, na mpiga ngoma binadamu huyumba kidogo. Mashine haiyumbi. Ndiyo maana Jesse Saunders na Vince Lawrence walipotoa “On and On” mwaka 1984, wimbo ambao wengi huuhesabu kuwa santuri ya kwanza ya house, uzito wake wote uliegemea mdundo wa mashine na besi inayojirudia.

Mashine hizo zilitoka kampuni ya Roland ya Japani. TR-909 ya ngoma iliingia sokoni 1983 lakini haikuuzika vizuri. TB-303, iliyokusudiwa kumsindikiza mpiga gitaa badala ya mpiga besi, ilikataliwa kwa sababu sauti yake haikufanana na besi halisi. Mashine zikaangukia maduka ya mitumba, na vijana wasio na pesa za studio wakazinunua. Kundi la Phuture likazungusha vitufe vya 303 wakati ikipiga, besi ikalia na kujipinda kwa namna ambayo ilikuwa haijawahi kusikika. Dijei Ron Hardy aliupiga wimbo waliotengeneza hivyo mara nne usiku mmoja katika klabu ya Music Box. Mara ya kwanza ukumbi ulimtazama tu, mara ya nne watu walichanganyikiwa kwa furaha. Ukatoka 1987 kwa jina la “Acid Tracks”.

Januari mwaka huohuo, wimbo wa house “Jack Your Body” wa Steve “Silk” Hurley ulishika namba moja Uingereza.

Fedha haikufuata sifa, na hilo linauma. Larry Heard, mtunzi wa “Can You Feel It”, pamoja na mwimbaji Robert Owens, waliishtaki kampuni ya Trax Records mwaka 2020 wakidai mirabaha yao. Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2022, na wakarudishiwa haki za nyimbo zao.